Zuhura, usinunue dawa ya kuongeza kinga

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na shangazi yako amefurahi sana. Umesema huko Mbarara kuna mtu anauza dawa ya mitishamba ya kuongeza kinga ya mwili, nawe unataka kumnunulia shangazi kwa pesa zako za chuo, kwa ajili ya saratani yake ya tumbo. Moyo wako naujua na nakushukuru. Lakini usinunue, na nitakueleza kwa nini.

Watu husema saratani humpata mtu kwa sababu kinga yake imelala. Mimi nimefanya kazi maabara, mwanangu. Kipande cha uvimbe wa tumbo ukikitazama kwa hadubini, mara nyingi utakuta seli za kinga zimejaa humo. Hazikulala. Zilikuja, kisha nyingine zikageuzwa kazi.

Kumbuka goti likichubuka. Makrofaji, seli za kinga zinazokula vijidudu na uchafu, hutoa pia protini iitwayo VEGF, na hiyo ndiyo inayofanya mishipa midogo ya damu iote ili nyama mpya ipate lishe. Kidonda kikifunga, kazi inakoma. Sasa uvimbe nao unahitaji damu. Daktari Judah Folkman wa Marekani alieleza mwaka 1971 kwamba bila mishipa mipya hauwezi kukua zaidi ya milimita chache. Ndani yake oksijeni ikipungua, makrofaji huvutwa huko na kuanza kumwaga VEGF kana kwamba yanatibu kidonda. Seli masti, aina nyingine ya seli za kinga, husaidia. Neutrofili, ambazo ni seli nyeupe za damu, nazo hutoa kimeng'enya kinachoifungulia VEGF iliyokuwa imeshikwa kwenye tishu. Mwaka 1986 mtafiti Harold Dvorak aliuita uvimbe kidonda kisichopona, na sijapata maelezo yanayonigusa kuliko hayo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mishipa hiyo huota ovyo, imepindapinda na inavuja. Dawa hazifiki vizuri ndani, ilhali seli za saratani hupata njia ya kutokea kwenda kwingine.

Basi huyo muuzaji anataka kuongeza kinga ipi? Hajui. Madaktari wana dawa iitwayo ramucirumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ambayo huziba kipokezi cha VEGF kwenye mishipa, yaani mahali VEGF inapojishika. Hata hiyo haiponyi. Humwongezea mgonjwa muda, na si kila mgonjwa inamfaa.

Pesa hizo zitume ziwe nauli ya shangazi kutoka Arua hadi Taasisi ya Saratani, Mulago. Nitakwenda naye mimi, na nitamwomba amwambie daktari kila kitu anachokunywa, hata majani ya nyumbani.

Jambo jingine: mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, kwa hiyo nitapimwa bakteria wa Helicobacter pylori, maana ndio chanzo kikubwa cha saratani hii na wanatibika kwa antibiotiki. Ukija likizo nawe utapimwa. Mama yako anakusalimu, anauliza kama blanketi ulilipata.

Baba yako