Mheshimiwa, tunaomba tingatinga Tabaka kabla mvua haijatuzika

Kwako Mheshimiwa,

Pokea salamu. Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu barua za ofisini hazijibiwi, na wiki jana ukingo wa machimbo yetu ya jiwe la sabuni hapa Tabaka, Kisii, umeporomoka tena. Kijana wa jirani yangu alifukiwa mpaka kiunoni, tukamchimbua kwa jembe na mikono huku udongo bado unamwagika, saa hii yuko kwao na plasta mguuni na nyumba nzima ilikuwa inamtegemea yeye.

Hii kazi si ya jana. Wazee wetu Wagusii walichonga bakuli na viko vya tumbaku kwa jiwe hili kabla mtalii hajajua njia ya kuja huku, na mzee Elkana Ong'esa, mchongaji wa kwetu Kisii, kazi yake iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Nyinyi wenyewe mkipata wageni mnawapa zawadi ya kinyago chetu.

Sasa hilo jiwe linatoka wapi? La karibu limeisha. Mchimbaji anafuata jiwe jeupe kwa sururu na mtaimbo, anazidi kuingia chini ya ukingo, na huko juu ni udongo mtupu, mvua ikinyesha usiku unalowa unakuwa mzito. Mimi sio injinia lakini naona shida ni hiyo, hakuna aliyeondoa udongo wa juu wala kukata ngazi, kila mtu anajichimbia kashimo kake kwa sababu kukodi tingatinga sisi hatuwezi.

Mke wangu anasugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka vidole vinachubuka, halafu broka anakuja na bei ameshaipanga. Hata hiyo tulikuwa tunavumilia. Tangu ukingo uanguke sina jiwe, oda ya bakuli imelala, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Mheshimiwa, ulisimama sokoni ukatuambia machimbo yatatengenezwa, tena bila sisi kukuuliza. Tulikupigia makofi na kura tukakupa.

Barabara siombi leo, soko siombi. Naomba tingatinga, moja tu, hata kwa wiki moja, liondoe ule udongo wa juu. Vijana wameshaanza kuingia shimo lilelile kwa sababu watoto lazima wale. Tingatinga Mheshimiwa, tafadhali, kabla ya mvua.

Ni mimi,
Mchongaji, Tabaka