Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: naomba nakala zangu sita

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ijumaa iliyopita nilipokea barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nimeiita ofisi yako Kusadikika, ile nchi ya kubuni katika riwaya ya Shaaban Robert. Jibu rasmi nimeshaliwasilisha. Hili naliandika hadharani kwa sababu mimi ni karani wa masijala, na majibu rasmi najua yanakolala.

Kwa heshima zote, nikukumbushe kwamba wazo lilikuwa lako. Tulipohamia Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, idara zikawa hazisemezani, ukatuletea mtaalamu kutoka Dar es Salaam atufundishe utamaduni wa taasisi. Siku mbili za chai, sambusa na michoro ya mishale ukutani. Hakuna aliyefungua mdomo. Ndipo uliposema kikaoni: basi tusome riwaya, saa moja kila Ijumaa, tujisikie tunavyosema. Tukapiga makofi. Nakala sita nikanunua kwa mshahara wangu, ambao ulivyo unaujua.

Tulianza na Shaaban Robert, naye aliwahi kuwa karani serikalini. Katika Kusadikika ya 1951, wajumbe sita wanatumwa huku na huku, wanarudi na mambo ya kuifaa nchi, wanatiwa gerezani. Dereva wetu, ambaye miaka yote neno lake ni "sawa bosi", akauliza: "Na ripoti za safari zetu huwa zinafungwa gereza gani?" Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo tukaanza kuulizana maana ya "suala lako linafanyiwa kazi". Tulipata maana tatu. Kazi haimo hata katika moja.

Sasa chumba tulichosomea kimejaa rimu za karatasi. Wapo wanaonong'ona kwamba kuna mkubwa alijiona ndani ya Majivuno, waziri wa riwaya hiyo. Sina hakika, pengine alipita tu koridoni, akasikia kicheko, akadhani anachekwa yeye. Ila Karama, mshtakiwa wa riwaya hiyo, pamoja na yote, alisikilizwa barazani. Mimi nimepewa siku saba na nafasi ya mistari kumi.

Semina sitaki. Posho sitaki. Hata ile saa ya Ijumaa, kama imekuwa nzito, ichukue. Naomba nakala zangu sita zilizobebwa pamoja na viti. Ukishindwa zote, nipe ile moja ambayo dereva aliandika pembeni kwa penseli.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Karani wa masijala,
Dodoma