Kipindi cha hesabu Jumamosi: muda umebadilika

Wazazi wenzangu, habari za jioni na poleni na kazi.

Jumamosi hii tutaanza saa 8 mchana badala ya saa 10, barazani kwangu kama kawaida. Nimepitia madaftari ya watoto wetu wa darasa la saba, na saa moja haitatosha.

1. Aljebra: kwenye 3x − 5 = 16, wengi wameandika 3x = 11. Wanaihamisha 5 bila kubadili alama. Tafadhali msiwape jibu nyumbani; mwambieni mtoto ajumlishe 5 pande zote mbili, apate 3x = 21, kisha agawanye mwenyewe.

2. Jiometri: ngazi ya mita 5 iliyoegemea ukuta, chini iko mita 3 toka ukutani; inafika juu kiasi gani ukutani? Wamejumlisha 25 na 9 (yaani 5 × 5 na 3 × 3), wakati ngazi ndiyo kiegama, upande mrefu kuliko yote wa pembetatu, kwa hiyo tunatoa. Tutaichora kwanza.

Kila mtoto aje na mkebe wa hesabu na daftari la mraba. Mchango ni sh. 1,000 ya uji. Aliyekwama anijulishe faragha, mtoto aje tu.

Naomba mthibitishe hapa kabla ya Ijumaa saa 2 usiku: jina la mtoto, na kama anakuja. Asanteni sana.