Dadangu ana miaka 36, si shosho

Kwako Mhariri,

Naandika kuhusu dadangu mkubwa, tunakaa naye huku Kaptembwo, Nakuru. Ana miaka 36 lakini tukifika steji makanga humshika mkono, "shosho panda pole pole", na yeye hupanda tu akanyamaza. Mvi zilianza akiwa na 22, sauti ikakonda ikawa ya kukwaruza, na urefu ni ule ule aliingia nao fomu wani. Kidonda kiko kwa kifundo cha mguu huu mwaka wa tatu, kila jioni namsafisha namfunga bandeji, ngozi ya hapo imekaza hata ukitaka kuifinya haifinyiki.

Kliniki ya kwanza walisema ni baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kugeukia viungo vyako mwenyewe, na kusema ukweli hawakukosea, vipimo vilionyesha na vidole vilikuwa vimefura. Shida ni waliishia hapo. Akawekwa kwa stiroidi miaka minne, sukari ikapanda, macho yote mawili yakashika mtoto wa jicho, akateleza bafuni nyonga ikavunjika, na kila tukiuliza tunaambiwa ni dawa hiyo, vumilieni. Mwaka jana ndo daktari mmoja kijana alimkazia macho akauliza, hizi mvi zilianza lini? Akaomba kipimo cha jeni.

Kumbe ni sindromu ya Werner, ugonjwa wa kuzeeka mapema, Mjerumani Otto Werner aliueleza 1904 na jeni yenyewe ikajulikana 1996. Huo wenyewe huleta sukari, mtoto wa jicho na mifupa kuisha nguvu, na stiroidi nazo huleta hayo hayo matatu, yaani dadangu alikuwa anachapwa pande zote mbili na hakuna aliyejua. Pia huleta saratani na mishipa ya moyo kuziba, si hayo yangeanza kuchunguzwa mapema?

Madaktari wetu, tafadhali, akija mtu wa miaka 30 ana mvi, macho yameingia ukungu na sauti imebadilika, msifunge faili juu mmepata ugonjwa mmoja.

Na kwa watu wa kwetu mnaosema laana imetoka kwa kina mama: Werner hutaka jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, na wao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Mamangu ameacha kwenda matanga juu ya hayo maneno.

Makanga wa steji yetu, huyo muiteni dada.

Msomaji,
Nakuru