Msitushauri kumficha mtoto tutakayemuasili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu, kwa heshima, ndugu na majirani wanaonishauri nihame Tabata kabla hajafika mtoto tutakayemuasili, yaani asiye wa kumzaa tutakayemfanya wetu kisheria. Ushauri huu nimepewa msibani, saluni na hata nje ya kanisa, na najua wanaoutoa wananitakia mema. Wanasema nihamie Kigamboni au Chanika, mahali nisikojulikana, mtoto akue akiamini mimi ndiye niliyemzaa. Mama mmoja alinielekeza hadi namna ya kuvaa madera mapana ili watu wadhani ni mjamzito.

Mimi na mume wangu hatutafanya hivyo.

Tuna watoto watatu wa kuzaa: mmoja yuko darasa la nne, mwingine la kwanza, na kitindamimba yuko chekechea. Wote ni watundu. Wa katikati hupanda geti kabla hajamaliza uji wake, na kitindamimba akinyimwa kitu hulia mpaka jirani wa nyumba ya pili anachungulia dirishani. Asubuhi gari la shule likipiga honi, kiatu kimoja bado kinatafutwa chini ya kochi na sare ina doa la chai. Ndiyo maana wengine hutuuliza: hao mlionao hawawatoshi? Tunachoka, tena sana. Lakini tunawapenda wakiwa hivyo hivyo, na nyumba yetu bado ina nafasi.

Afisa ustawi wa jamii alipotutembelea, hakuja kutafuta nyumba iliyo kimya. Aliuliza mtoto atalala wapi, nani atabaki naye mchana, kipato chetu kinatoka wapi, na mtoto akikosea tunafanya nini. Hapo kwenye kukosea ndipo tulipokaa muda mrefu. Tulimweleza kwamba kwetu fimbo haipo: anayemwaga unga anaufagia, anayempiga mwenzake anakaa na baba yake barazani mpaka hasira ishuke. Akatuuliza tutafanyaje kwa mtoto anayeficha mkate chini ya mto kwa kuogopa kwamba kesho hatakula, au yule anayeanguka na kuchubuka goti bila kulia, kwa sababu alishazoea kutobembelezwa. Maswali hayo bado tunayazungumza usiku watoto wakishalala. Natamani kila mzazi aulizwe hayo, hata wa watoto wa kuzaa.

Watoto wetu tuliwaambia mapema, jioni moja tukichambua mchele. Mkubwa aliuliza kama huyo mtoto ana mama. Nikamjibu kwamba yupo mama aliyemzaa, na kwamba hatutamsema vibaya kamwe katika nyumba hii. Wa katikati alitaka kujua mgeni atalala kitanda cha juu au cha chini, maana cha juu ni chake. Kitindamimba alichukua kikombe chake cha bluu akakikumbatia, hakusema neno. Kesho yake nilimtuma wa katikati kwa Mangi kununua sukari robo. Akarudi na sukari na pipi ya bure mdomoni: alikuwa amemtangazia Mangi na wateja wote waliokuwapo kwamba sisi tunaletewa mtoto. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Sikumgombeza. Mwanangu alikuwa anajivunia.

Sasa, nikifuata ushauri wa kuficha, lazima niwafundishe watoto hawa watatu kusema uongo ndani ya nyumba yao wenyewe, kila siku, kwa mdogo wao, mpaka wazeeke. Siwezi kuwabebesha mzigo huo. Na huyo mdogo atakuja kujua tu. Ataambiwa na mjomba aliyekasirika msibani, au na mtoto wa jirani wakigombania mpira. Nataka alijue kwangu, akiwa bado anakaa mapajani, alizoee kama anavyolizoea jina lake.

Wapo wanaodhani tunakwenda makao ya watoto ya Kurasini au mengine, tunamchagua mtoto na kurudi naye nyumbani. Sivyo. Safari inaanzia kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kuna kipindi cha kumlea kwanza mkiangaliwa, na mwisho ni Mahakama Kuu inayotoa amri ya kuasili. Yote yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Amri hiyo ikishatoka, mtoto ni wako kisheria, na jina lake linaingia katika rejista ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na Msajili wa vizazi na vifo. Ndugu wa mume hawawezi kusimama siku ya urithi na kusema huyu wa kuokota, hatumjui. Lakini aliyepewa mtoto mchanga kimya kimya na binti aliyekwama, bila ustawi wala mahakama, hana hata karatasi ya kumtetea huyo mtoto. Usiri huo ndio unaomwacha mtoto bila kinga, na hilo linaniuma zaidi ya maneno yote ya mtaani.

Jirani yangu Mwislamu aliniuliza jambo la maana: katika dini yao mtoto wa kulea huendelea kuitwa kwa jina la baba yake mzazi, hivyo yeye afanyeje kama anataka kulea? Sheria hiyo hiyo ina malezi ya kambo, ambapo unamlea mtoto kwako bila kumbadilishia nasaba. Nimemshauri aende akaulize ofisi ya ustawi. Naye, kwa upande wake, hajawahi kunishauri nimfiche mtu.

Kusema wazi kwamba mtoto ameasiliwa si kumwaga habari zake zote kibarazani. Alikotoka na yaliyomkuta ni mali yake mwenyewe, na tutamtunzia mpaka atakapoyataka. Majirani wakituuliza, jibu ni kwamba ni mtoto wetu, tumemuasili, basi.

Ninalo ombi kwa maafisa ustawi pia. Sheria inampa mtoto haki ya kutoa maoni, lakini siku ya ukaguzi watoto wetu walitumwa wakacheze nje. Naomba wakija tena wakae nao hata mkekani. Huyo wa kikombe cha bluu ana wasiwasi ambao kwetu haujamtoka vizuri, na huenda kwa mtu mwingine akausema.

Na kwa shangazi, mawifi na majirani wanaosubiri kuja kumwona mtoto: karibuni sana, tutapika pilau. Mtupe kwanza wiki chache atuzoee. Mkija, msimlinganishe sura na mtu yeyote, wala msiulize mbele yake mama yake yuko wapi. Mwenye zawadi alete ya watoto wanne.

Mama wa watatu,
Tabata, Dar es Salaam