Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unayesimamia elimu jimboni: utufungulie ile kabati ya mikroskopi

Mheshimiwa,

Jambo sana. Mimi ni finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, seksio ya Biochimie (biolojia na kemia), hapa Bukavu. Nakuandikia kwa heshima yote ila nimechoka, na naandika mbele ya watu wote juu barua mbili tulizoacha kwenye biro yako hazikujibiwa.

Alhamisi ulikuja kutembelea shule yetu. Asubuhi tulikuta mikroskopi iko juu ya meza, imepanguswa vumbi, chini wametandika kitambaa cheupe cha maua. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye hii seksio na ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Ulipita, ukatikisa kichwa, ukasema "muzuri sana". Jeep yako haijafika hata kwenye barabara kubwa wakairudisha kwenye kabati, kufuli ikafungwa, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeweka jicho pale. Mimi nilikuwa na kitunguu ndani ya mfuko wa sare, nilikinunua Kadutu jana yake jioni, na nilikuwa nimeomba muuguzi jirani yetu tone mbili za iodi ya kutia seli rangi ndani ya kichupa cha dawa ya macho, nikisema labda leo. Kile kitunguu mama alikipikia sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu.

Na ile sambaza ndiyo inanilipia masomo. Mama anaamka saa kumi ya usiku kuingojea kwenye mitumbwi, na kila mwaka kwenye ile pesa ya shule kuna franka za laboratwari, risiti zote nne niko nazo. Nauliza tu: hiyo laboratwari iko wapi?

Mwalimu wetu simlaumu hata kidogo. Chaki za rangi ananunua na pesa yake, anachora kwenye ubao hatua za seli kugawanyika, profase, metafase, anafase, telofase, tunakariri kama wimbo, lakini akifuta ubao na kuchora tena kwa namna ingine nusu ya darasa wanapotea. Anatuambia kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu seli zinagawanyika na mutu anaweza kuziona kwa macho yake. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliona seli kwenye kizibo mwaka 1665! Sisi leo tunamsoma yeye kwenye daftari.

Wengine wanasema ufunguo uko kwa mutu wa pesa, wengine eti wanaogopa tutavunja lenzi. Mimi nafikiri wanaitunza kwa ajili ya wageni. Sijui vizuri, ila wewe ukiuliza watakujibu.

Mheshimiwa, mwezi wa tisa kwenye paredi ulisema kabla ya Noeli tutakuwa tunafanya pratiki. Nilikuwa mstari wa mbele, nilisikia. Noeli ilipita, Pasaka ikapita, Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, iko karibu.

Jimbo hili kipindupindu kinarudi kila mara. Kamituga, hapo hapo kwetu, mwaka 2023 ndipo ilionekana ile aina mpya ya ugonjwa wa mpox iliyofanya mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani litangaze hatari ya dunia nzima. Najua virusi haionekani na mikroskopi ya shule, ile inaomba ya elektroni, lakini mutu ataanzia wapi kama hata kitunguu hajakiona? Profesa Muyembe ni Mukongomani, mwaka 1976 alienda Yambuku kuchukua damu ya wagonjwa wa Ebola kabla ugonjwa haujapata jina. Nataka kufanya kazi kama ile. Natembea kwa miguu toka Cimpunda kila siku kwa sababu ya hiyo, mvua inyeshe isinyeshe, usiku nasoma na tochi ya simu umeme ukikatika, na unakatika karibu kila siku.

Siombi jengo jipya, siombi mashine ingine. Ile moja iliyo ndani ya kabati, watufungulie, hata saa moja kwa wiki, hata tupange mstari watu wote 58, mwalimu asimame pembeni. Tafadhali Mheshimiwa, piga simu moja tu kabla ya Exetat, ile kabati ifunguliwe. Kitunguu nitaleta tena.

Kwa heshima,
Mwanafunzi finalisti wa Biochimie, Bukavu