Kongosho jipya hupotea pia kwa damu kuganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo huachwa karibu kila inapoandikwa habari ya upandikizaji wa kongosho. Kiungo kipya kikishindwa kufanya kazi, lawama zote hutupiwa kinga ya mwili, ilhali kinachoongoza kwa kuliua kongosho katika siku za mwanzo ni damu kuganda ndani ya mishipa yake, na hapo mkono wa daktari mpasuaji una nafasi kubwa.

Tofauti na figo, kongosho hupitisha damu polepole. Zaidi ya hayo, bandama ya marehemu aliyetoa kiungo, iliyoshikamana na kongosho, huondolewa kabla ya upandikizaji, kwa hiyo mishipa iliyokuwa ikiihudumia hubaki bila pa kwenda, na damu hutuama humo kama maji kwenye mfereji uliozibwa. Kwa kuwa kongosho hutegemea ateri mbili, yaani mishipa inayoleta damu, madaktari huchukua ateri ya nyonga ya marehemu huyo, ambayo kwa bahati njema ina umbo la herufi Y, wakaziunga zote mbili kwake ili mgonjwa ashonewe mshipa mmoja tu. Vena ya kongosho, yaani mshipa unaoondoa damu, ni fupi, na anayeirefusha kwa kipande kingine huongeza hatari ya kuganda; wapasuaji wengi huona heri kukata matawi ya vena ya nyonga ya mgonjwa ili iinuke yenyewe, tena upande wa kulia, ambako haikuzama sana. Vena ikijipinda kidogo tu, kazi yote imeharibika.

Muda nao una uzito wake, ndiyo maana madaktari hujitahidi kiungo kisikae kwenye barafu zaidi ya saa 12.

Kuhusu majimaji ya kongosho yanayosaidia kusaga chakula, William Kelly na Richard Lillehei, waliofanya upandikizaji wa kwanza huko Minnesota, Marekani, mwaka 1966, waliufunga mrija wake. Baadaye yalielekezwa kwenye kibofu, njia iliyowawezesha madaktari kugundua hitilafu mapema kwa kupima mkojo, lakini iliyowaachia wagonjwa upungufu wa maji na maambukizi ya mara kwa mara, hata hospitali nyingi zikayaelekeza kwenye utumbo katika miaka ya 1990.

Mwandishi wako akikutana na mpasuaji wa fani hii, namwomba amuulize vena ilishonwa wapi, na mishipa ilipimwa kwa mawimbi ya sauti baada ya saa ngapi.

Msomaji wako